Siri Si Mali ya Aliyeambiwa



Wengi wetu hudhani ya kuwa mwenye dhamana ya kuwashauri watu ni kadhi peke yake, au mganga wa hospitali, au afisa wa ustawi wa jamii mwenye meza na majalada. Sivyo. Katika vijiji vyetu vya pwani hii ya Mtwara, mwalimu wa chuo hushauri, imamu wa msikiti hushauri, kungwi hushauri, mkunga hushauri, na mzee akaaye kibarazani pake baada ya sala ya Alasiri naye hushauri. Hatukuandikiwa barua za kazi, wala hatupokei mshahara. Lakini watu hutuletea yale ambayo hawawaonyeshi hata ndugu zao wa tumbo moja. Basi swali langu ni hili: hayo watuleteayo, yakisha kutufikia, huwa mali ya nani?

Swali hili sikulipata vitabuni. Nimelipata baada ya kukosa, na aliyelipa gharama ya kosa langu hakuwa mimi. Nitakieleza kisa chenyewe, na mwishoni nitasema kwa ruhusa ya nani nakieleza.

Mimi ni mwalimu wa chuo hapa Madimba, katika njia itokayo Mtwara mjini kwenda Msimbati. Wageni siku hizi hutujua kwa mtambo wa kusafishia gesi, ambayo tangu mwaka 2015 husafiri kwa bomba mpaka Dar es Salaam. Lakini sisi wenyewe maisha yetu bado ni mikorosho, minazi, mihogo na bahari. Mkorosho ukizaa na fedha zikapatikana, nyumba hucheka. Fedha zikichelewa, ndipo siri za nyumba zinapoanza kutafuta pa kutokea.

Mwaka 2018 wakulima walizikataa bei za minada ya korosho, hata mwezi wa Novemba Serikali ikatangaza kwamba itazinunua korosho zote yenyewe, kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Na wale wanunuzi wa kangomba, wanaopima korosho kwa kipimo kisichokuwa halali na kuzilipa kwa bei ya chini nje ya chama cha ushirika, walikuwa wakitafutwa kwa bidii. Msimu huo basi kila mtu alikuwa akiyahesabu magunia yake na kungoja.

Jioni moja, baina ya Magharibi na Isha, alinijia mwanamke mmoja na shangazi yake. Shangazi alikaa ndani na mke wangu, na mlango wa katikati ukaachwa wazi. Yule mwanamke akaketi ukumbini, akasema, “Shikamoo, Maalim.” Nikaitikia. Kisha akanyamaza kitambo, akageuka, akautazama mlango wa nje, ndipo akaanza kusema. Kule kugeuka kwake niliona ni aibu ya kawaida ya wanawake. Sikujua kwamba Mtume wetu (s.a.w.) amekwisha kutufundisha maana yake, nayo nitaieleza panapo mahali pake.

Shida yake ilikuwa hivi. Mumewe alikuwa dagoni akivua. Mama yake mzazi akaugua ghafula, ikabidi apelekwe hospitali ya Ligula, mjini Mtwara. Fedha hazikuwamo nyumbani. Akafungua ghala ya mumewe, akatoa gunia moja la korosho, akampa mtu wa kangomba kwa bei isiyofika hata nusu ya thamani yake. Mama akatibiwa. Mume akarudi, wala hakuwa bado ameyahesabu magunia. “Je, Maalim, nimeiba? Nami nimwambie, au ninyamaze?”

Nilimjibu kadiri ya elimu yangu. Nilimkumbusha khabari ya Hindi binti Utba, aliyemwendea Mtume (s.a.w.) kumshitakia ubakhili wa mumewe, naye akamruhusu kuchukua katika mali ya mume kiasi cha kumtosha yeye na watoto wake kwa wema. Nikamwambia kwamba matibabu ya mama yake hayamo katika ruhusa hiyo, kwa hivyo alihitaji idhini ya mumewe; lakini kwa kuwa alidharurika na hakukusudia uovu, njia yake ni kumwambia mume kwa ulimi wake mwenyewe, katika saa ya utulivu, na shangazi yake awe karibu. Tukakubaliana kwamba atafanya hivyo fedha za korosho zitakapotoka. Akaondoka uso wake umekunjuka, nami nikalala nikijiona nimefanya jambo la thawabu. Lau ningaliishia hapo!

Ijumaa ya pili yake ilikuwa zamu yangu kutoa mawaidha baada ya sala. Maudhui niliyoyachagua yalikuwa amana. Nikazieleza aya za Mwenyezi Mungu Mtukufu, nikaeleza khatari ya khiyana. Kisha nikatafuta mfano wa kuyatia mawaidha nguvu. Nikasema: yuko mwanamke katika kijiji hiki hiki, mumewe akiwa baharini, aliyefungua ghala akatoa korosho kwa kangomba ili amtibu mama yake, tazameni jinsi haja inavyoweza kumsukuma mtu kuigusa amana aliyoachiwa. Sikutaja jina. Niliona watu wakitikisa vichwa, nikafurahi kwamba maneno yamewaingia.

Lakini Madimba si Dar es Salaam. Mwezi ule, katika mtaa wetu, mume aliyerudi dagoni na kumkuta mama mkwe wake amelazwa Ligula alikuwa mmoja tu. Kabla ya adhana ya Alasiri, waliokuwa wakicheza bao walikwisha kujumlisha. Kabla ya Magharibi, mume alikwisha kuyahesabu magunia yake. Na usiku ule ule mwanamke alirudishwa kwao na nguo zake katika kifurushi.

Baadaye mume mwenyewe aliniambia kwamba hakukasirika kwa ajili ya gunia. Alikasirika kwa kuwa jambo ambalo alistahili kuambiwa na mkewe chumbani, aliambiwa na watu wanaocheza bao. Na mkewe alikwisha kukusudia kumwambia. Mimi ndiye niliyemtangulia.

Nilimfuata kwao kumtaka radhi. Nikaanza kwa kujitetea: “Bibi, sikukutaja jina.” Akanijibu kwa upole, na upole ule uliniumiza kuliko matusi: “Maalim, mimi sikukupa hadithi ya kusimulia. Nilikupa siri yangu uniwekee.”

Wazee wa pande mbili walikaa, mmoja wa jamaa zake na mmoja wa jamaa za mume, kama tulivyoelekezwa katika Suratun-Nisaa, aya ya 35. Na baada ya muda wa miezi mitatu mume alimrudisha mkewe. Watu wakasema yamekwisha. Hayakwisha. Mlango wangu ulikuwa wazi kila jioni, na hapana mwanamke aliyebisha hodi. Mwaka uliofuata, kijana mmoja aliyeolewa karibu na kwetu alivunjwa mkono na mumewe. Jirani zake walikuwa wamemwambia mapema, wakati kipigo kilikuwa bado ni makofi, “Nenda kwa Maalim, atazungumza na mumeo.” Naye aliwajibu: “Ili nije nisikie khabari zangu msikitini?” Basi mkono ule ulivunjwa na mumewe, na Mwenyezi Mungu atamwuliza, lakini mlango ambao angaliingia kabla haujavunjwa niliufunga mimi.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipomkumbuka muuguzi mmoja wa zahanati. Miaka michache kabla ya hayo, nilipokuwa nikishughulikia posa ya binti wa jamaa yangu, nilimwendea faraghani nikamtaka aniambie kama kijana mposaji amepata kupimwa damu, na majibu yake yalikuwaje. Nia yangu ilikuwa njema. Yeye akaniambia: “Maalim, mwulize mwenyewe. Akipenda, njooni pamoja, nitasema mbele yenu nyote wawili.” Niliondoka nimekasirika, nikimwona ni msichana mwenye kiburi cha shule.

Baada ya kosa langu nilimrudia, nikamwomba anifundishe. Akanieleza kwamba kazi yao ina miiko. Sheria ya nchi ya mwaka 2008 kuhusu kuzuia na kudhibiti Ukimwi imeweka wazi kwamba majibu ya mtu aliyepimwa ni siri, na kwamba kupima huendana na ushauri nasaha kabla na baada yake. Akanieleza pia kwamba siri ya mgonjwa haifichuki kwa jina peke yake: ukitaja umri wake, mtaa wake, ugonjwa wake na siku aliyokuja, umekwisha kumtaja. Mwenye kutaka kumtolea mfano mgonjwa katika kufundisha hana budi ama amwombe ruhusa, ama abadilishe alama zote hata jirani asimtambue. Mimi mwalimu niliketi mbele ya binti yule kama mtoto wa chuo anayeanza alifu.

Niliporudi nyumbani nilivifungua vitabu vyangu, nikaona haya. Kwani hayo aliyonifundisha muuguzi yalikuwamo mote, nami nilikuwa nikiyapita.

Nilikuta katika Hadithi aliyoipokea Abu Daudi kwamba mtu akimwambia mwenziwe neno kisha akageuka kutazama kando, basi neno lile limekwisha kuwa amana. Hakuhitaji kusema “usimwambie mtu.” Kule kugeuka kwake kunatosha. Nikamkumbuka yule mwanamke alivyoutazama mlango. Nikakuta pia kwamba mwenye kutakwa shauri amefanywa ni mwenye kuaminiwa, na kwamba mazungumzo ya majlisi ni amana.

Nikasoma tena khabari ya Sayyidna Umar (r.a.), alipomtaka Sayyidna Abubakar amwoe bintiye Hafsa, naye Abubakar akanyamaza asimjibu kitu. Umar aliona uchungu. Baada ya Mtume (s.a.w.) kumwoa Hafsa, ndipo Abubakar alipomweleza kwamba alikuwa amemsikia Mtume akimtaja, wala hakutaka kuifichua siri yake. Tazameni: Abubakar alikubali rafiki yake amwone vibaya kuliko kulitoa neno lisilokuwa lake. Ndivyo muuguzi yule alivyokubali nimwone ana kiburi. Mtu asiyekuwa tayari kudhaniwa vibaya hafai kuwekewa siri.

Jambo lililonifungua macho zaidi lilikuwa katika maneno ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra. Yeye ameeleza kwamba kusengenya, ingawa ni haramu kubwa, kuna sababu sita zinazoruhusu kumtaja mtu kwa aibu yake, na mojawapo ni kutaka fatwa. Na dalili yake ni ile ile khabari ya Hindi. Mimi nilikuwa nikiijua ruhusa hiyo tangu ujana wangu, lakini sikupata kuuliza ni ruhusa ya nani. Ni ruhusa ya mwulizaji, kwa kuwa yeye ndiye mwenye haja. Haikupewa mwulizwa. Mwanamke yule alipomtaja mumewe na ghala yake mbele yangu hakusengenya. Mimi nilipoyatoa yale yale msikitini, juu ya mimbari ya mawaidha, nilisengenya. Na watu walinisikiliza kwa taadhima wakidhani ni ibada.

Wala mambo haya si mageni katika taaluma za Waislamu. Mwanachuoni na tabibu Is'haka bin Ali al-Ruhawi, katika karne ya tatu ya Hijra, aliandika kitabu kizima cha adabu za tabibu, jinsi impasavyo kuwa na nafsi yake na wagonjwa wake. Na madaktari wa dunia, walipokutana Geneva mwaka 1948 baada ya maovu waliyotenda baadhi ya wenzao katika vita vikuu, waliweka kiapo chao upya, na ndani yake wakaahidi kuzihifadhi siri walizoaminiwa. Na mwaka 1968 wakaongeza kwamba siri hizo zihifadhiwe hata mgonjwa akisha kufa. Leo washauri nasaha, maafisa wa ustawi wa jamii na wauguzi kila mmoja ana miiko yake iliyoandikwa. Hata kungwi wetu wa unyago, ambaye hakuandikiwa kitu, anajua kwamba aliyoambiwa na mwali wake hayatoki nje ya mlango. Basi sisi waalimu na maimamu, tunaosoma kila siku aya ya 58 ya Suratun-Nisaa inayotuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe, tutakuwa na udhuru gani?

Tangu hapo nimejiwekea miiko, nami nawatajia si kwa kuwa mimi ni mfano mwema, bali kwa kuwa mfano wangu mbaya umekwisha kuwafikia.

Kwanza, jambo la mtu silitolei mfano katika darsa wala barazani, hata bila jina, ila mwenyewe aniruhusu kwa moyo mkunjufu. Na kwa kuwa mtu humwonea haya mwalimu wake akashindwa kumkatalia, mara nyingi hata ruhusa siiombi. Mifano ya Masahaba na ya watu wema waliotangulia inatutosha.

Pili, mke wangu hanihoji ni nani aliyekuja na kwa jambo gani. Nilimweleza khabari ya Anas bin Malik, aliyetumwa na Mtume (s.a.w.) hali yeye ni kijana akicheza na wenziwe, alipochelewa kurudi, mama yake akamwuliza ametumwa nini, akasema ni siri, naye mama, badala ya kumshurutisha, akamwusia asimwambie mtu yeyote siri ya Mtume. Enyi akina mama na akina baba, siri huanza kutunzwa nyumbani. Mtoto tunayemsifu kwa kutuletea khabari za jirani leo ndiye muuguzi au imamu atakayezitoa khabari za watu kesho.

Tatu, nisilolijua nasema silijui. Mambo ya ugonjwa nampeleka mtu kwa mganga. Ugomvi wa ndoa uliokwisha kufika mbali nauelekeza katika baraza la usuluhishi, ambalo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imelitaka lisikilize kwanza kabla shauri la talaka halijafika mahakamani. Wala sipokei zawadi kwa shauri, kwa kuwa zawadi huulainisha ulimi upande mmoja.

Nne, na hili ni zito kuliko yote: siri ina mpaka wake. Mtu akiniambia anakusudia kumwua mwenziwe au kujiua, au nikajua kwamba mtoto anadhulumiwa mwilini mwake, hiyo si siri ya kuwekwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeifanya kuwa wajibu wetu kutoa taarifa, na dini yetu ilitangulia kutukataza kumwacha aliyedhulumiwa mikononi mwa dhalimu wake. Hapo nami humwambia mtu mapema, kabla hajanifungulia moyo wake: “Nitakuwekea kila neno, isipokuwa lile ambalo nikiliweka mtu ataangamia.” Na hata hapo haliendi barazani, huenda kwa yule tu awezaye kuiondoa dhara. Kumwokoa mtu ni kitu kimoja, na kupata la kusimulia ni kitu kingine.

Vijana wangu, wengi wenu mtakuwa waalimu, wauguzi, maafisa wa ustawi, na wengine mtaketi katika mabaraza ya usuluhishi. Na siku hizi simu iliyo mfukoni mwenu yaweza kulipeleka neno moja mpaka Muscat kabla chai haijapoa. Mtu akikujia akageuka kuutazama mlango, jua kwamba amekwisha kukukabidhi kitu. Kukikabidhiwa si kukimiliki. Ni chake, na ni yeye peke yake awezaye kukitoa.

Sasa nitimize ahadi yangu. Kabla sijaandika haya nilimwendea yule mwanamke, na mumewe yupo, nikawaeleza nia yangu, nikawaambia kwamba wakikataa sitaandika herufi moja. Niliwasomea niliyoyaandika, na mambo mawili matatu tukayabadilisha ili watu wasimtambue. Mume akasema yeye hana neno. Mwanamke akakaa kimya kitambo, akasema: “Andika, Maalim. Lakini andika kwamba aliyeitoa amana nje ulikuwa ni wewe, si mimi.”

Basi nimeandika. Namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe, atusitiri aibu zetu duniani na Akhera, na atujaalie tuwe mahali ambapo waja wake wenye shida wataweza kuweka mizigo yao bila ya khofu. Wabillahi tawfiq.